Kompyuta ya Kwanza ya Sebuleni: Anza Bila Kadi ya Michoro

Swali limetoka kwa msomaji wa Morogoro, mwalimu wa sekondari:

"Fundi, habari za kazi. Nataka kuunda kompyuta yangu ya kwanza, ikae sebuleni chini ya televisheni ya inchi 43 ya 4K. Kazi yake ni filamu, YouTube, na gemu za mpira na mwanangu wa kidato cha kwanza siku za wikiendi. Nimetenga milioni moja na nusu. Muuzaji mmoja amenitumia orodha hii: prosesa Ryzen 5 5600, madabodi ya B450, RAM ya GB 16 kijiti kimoja, SSD ya GB 512, kadi ya RX 580 ya GB 8 iliyotumika, na kasha linalokuja na pawa saplai yake ya wati 600. Anasema ni bei ya ofa, niwahi. Je, niwahi?"

Mwalimu, habari zetu ni njema. Usiwahi. Ofa ya kukukimbiza haikupi nafasi ya kusoma vibandiko, na kwa mtu anayeunda kompyuta mwenyewe, kusoma vibandiko ni nusu ya kazi.

Nimeipitia orodha yako kipande kwa kipande. Vitu vyake vinaoana, ukivifunga leo kompyuta itawaka. Ryzen 5 5600 ni prosesa (ubongo wa kompyuta) ninayoipenda, ina viini sita vya kufanyia kazi na imetoka mwaka 2022, na bado inafanya kazi ya kueleweka. Kinachonisumbua ni mahali pesa ilipolala. Imewekwa kwenye jina la kadi ya michoro, ambayo kila kijana wa gemu anaiulizia, ikabanwa kwenye pawa saplai (inayogawa umeme), RAM (kumbukumbu ya kazi) na madabodi (ubao unaounganisha vyote), ambavyo watu hawaviulizi mpaka siku viwaangushe. Kwa sebule yako na kwa kazi ulizozitaja, mimi ningeipindua orodha hiyo: prosesa yenye michoro yake ndani, madabodi iliyochaguliwa kwa ajili ya televisheni yako, RAM ya vijiti viwili, na pawa saplai ya kweli. Kadi ya michoro ije baada ya miezi sita au mwakani, mfuko ukipumua. Nitakueleza sababu, na nitaanzia pale ambapo wengi humalizia.

Kasha "linalokuja na pawa saplai yake" ndilo ningelikataa kwanza. Mwombe muuzaji alifungue akuonyeshe kibandiko kilicho ubavuni mwa hiyo pawa saplai. Utakuta jedwali dogo lenye volti 3.3, volti 5 na volti 12, na chini ya kila moja amperi zake. Prosesa na kadi ya michoro zinakula kwenye mstari wa volti 12. Chukua amperi za mstari huo, zidisha kwa 12. Ukikuta 20A, jibu lako ni wati 240, hata kama nje wameandika 600 kwa maandishi makubwa ya dhahabu. Pawa saplai ya wati 550 iliyotengenezwa kwa uaminifu huonyesha kama 45A kwenye mstari huo, yaani wati 540, karibu nguvu yake yote ikiwa pale inapohitajika. Ni hesabu ambayo mwanao ataifanya akiwa amesimama dukani, na ningependa umwachie aifanye yeye.

Sasa weka mahitaji ya ile orodha upande wa pili wa mizani. RX 580 peke yake imeandikiwa wati 185. Prosesa ya wati 65 ya familia hii huweza kuvuta mpaka wati 88 ikibanwa na kazi. Hapo tayari ni 273, kabla ya madabodi, SSD na feni. Kwa pawa saplai ya namna ile, kompyuta itazima ghafla katikati ya mechi, halafu utaambiwa kadi ni mbovu, utanunua nyingine, nayo itazima vilevile. Nimeletewa kesi za aina hii nyingi kiasi kwamba kompyuta ya gemu inayozima yenyewe huwa naigusa pawa saplai kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kuna alama nyingine ya kutazama nyuma yake: swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilifunga kompyuta ya mteja, swichi ile ilikuwa imeachwa kwenye 115, sikuitazama. Umeme wetu ni wa volti 230. Nilipobonyeza kuwasha, ukatoka mlio mmoja mkavu kama puto limepasuka, na harufu ya kapasita iliyoungua ikakaa ndani ya kile chumba mpaka jioni. Nililipa ile pawa saplai kwa pesa yangu. Za kisasa zilizo nzuri hupokea umeme kuanzia volti 100 mpaka 240 zenyewe bila swichi yoyote, kwa hiyo ukiiona swichi hiyo kwenye kifaa kinachouzwa kama kipya, ujue ni muundo wa zamani na uiache hapohapo.

Tafuta pawa saplai ya wati 500 au 550 yenye alama ya 80 Plus ya kutopoteza umeme, daraja la Bronze linatosha, ya kampuni inayotoa waranti ya miaka kadhaa, na inunue mpya ndani ya boksi lake. Hiyo itabeba mashine ya leo na kadi utakayoiongeza kesho. Ukiangalia bei utaona ni ghali kuliko kasha lenyewe. Ilipe.

Umeme wa majumbani kwetu hukatika na kurudi kwa kishindo, basi usiichomeke kompyuta ukutani moja kwa moja. Kile kifaa cha kulindia friji na televisheni, kinachosubiri kidogo kabla ya kurudisha umeme, ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Ukipata UPS, kile kifaa chenye betri ya akiba, soma wati zake, usisome VA, kwa sababu UPS ya VA 650 mara nyingi haizidi wati 400. UPS nyingi za bei ndogo zinapohamia kwenye betri hutoa wimbi la umeme la ngazi ngazi, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hazielewani na wimbi hilo: betri inashika, kompyuta inazima. Ijaribu siku ileile unayoinunua. Washa kompyuta, zima swichi ya ukutani, tazama.

Turudi kwenye prosesa. Ryzen 5 5600 haina michoro ndani yake. Tundu la HDMI lililo nyuma ya madabodi litakuwepo, ila halitatoa picha, na siku kadi ikifa televisheni inabaki nyeusi mpaka upate kadi nyingine. Ndugu yake, Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, ina viini sita vilevile na nyuzi 12, na ndani yake imo Vega 7, michoro inayotosha kuendesha sebule yote bila kadi. Zishike hizo herufi. Kwa Ryzen za kizazi hiki, G ina michoro. Kwa Intel, kampuni nyingine ya prosesa, yenye F mwishoni, kama i3-12100F, haina. Wauzaji wengi huitaja namba wakaimeza herufi, na herufi ndiyo inayoamua kama jioni ile utapata picha.

G ina gharama yake, na sitaki uikute baadaye ushangae. Ina kumbukumbu ya ndani ya MB 16 wakati 5600 ina MB 32, na inaongea na kadi kwa PCIe, njia ya kuunganishia kadi, ya kizazi cha tatu badala ya cha nne. Siku utakapoongeza kadi ya michoro, 5600 itakuwa mbele kidogo. Kwenye televisheni, ukiwa umekaa kwenye kochi, tofauti hiyo huwezi kuiona kwa macho. Lakini kompyuta inayowaka hata kadi ikiwa kwa fundi utaifurahia mara nyingi.

Na hiyo RX 580? Sikatai, ikiwa nzima ina nguvu za gemu kupita Vega 7 kwa mbali sana. Ila ina mambo matatu. La kwanza, ni ya mwaka 2017, na kadi za aina yake zilipendwa sana na wachimbaji wa sarafu za kidijitali, zikafanya kazi usiku na mchana miaka mingi. Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, ilipoacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, zilimwagwa sokoni. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zimechoka na pesti yake ya kupitishia joto imekauka, na muuzaji hakwambii. La pili, kuna toleo lililopunguzwa linaloitwa 2048SP, lenye viini 2048. RX 580 kamili ina viini 2304 vya michoro. Kwa nje zinafanana, na kwenye tangazo zote zinaandikwa RX 580. La tatu ndilo linalokuhusu wewe zaidi, na silisikii likisemwa: YouTube hutuma video zake za 4K kwa mfumo wa VP9 au wa AV1 ulio mpya zaidi, na RX 580 haina saketi ya kufungua hata mmoja. Mzigo wote unarudi kwa prosesa, feni zinapiga kelele wakati mama anaangalia mapishi. Vega iliyo ndani ya 5600G inafungua VP9 yenyewe, kimya. AV1 haifungui kwa saketi, hapo ni viini sita vya prosesa vitakavyofanya kazi, na ukiona video inakatakata ishushe kidogo ubora. Kwa hiyo kwa nusu ya mahitaji yako, yaani filamu na YouTube, ile kadi haikuongezei kitu.

Nusu ya pili ni mpira. Hapa nitakuwa mkweli kwa Vega 7. eFootball, ambayo ni ya bure, itacheza vizuri. Gemu za mpira za kampuni ya EA za miaka hii, yaani FC, zinaomba kadi yenye nguvu zaidi ya Vega 7 hata kwa kiwango chao cha chini, kwa hiyo mtacheza mkiwa mmeshusha ubora wa nyasi, mashabiki na vivuli. GTA V inaenda. Gemu kubwa zilizotoka karibuni zenye dunia pana, usimwahidi mwanao kabla ya kadi kuja. Na katika gemu zote usidai 4K. Weka gemu kwenye 1920 kwa 1080. Televisheni yako ina nukta 3840 kwa 2160, ambazo ni mara nne kamili ya hizo, basi kila nukta ya gemu inakaa juu ya nukta nne za kioo bila kuvunjika. Ukiwa umekaa mita mbili na nusu kutoka kwenye inchi 43, inapendeza.

Ukishapata pesa ya kadi, usirudi kwa RX 580. Tafuta kitu kama RX 6600: GB 8, wati 132 tu, tundu moja la umeme la pini nane, na inafungua VP9 na AV1 yenyewe. Kwa 1080 inacheza karibu kila kitu. Ile pawa saplai uliyoinunua kwa uchungu itaibeba bila kutoa jasho.

RAM sasa. Muuzaji amekupa kijiti kimoja cha GB 16, na ukimuuliza atakwambia unabakiza nafasi ya kuongeza. Kwa mashine yenye kadi hilo ni kosa dogo. Kwa mashine isiyo na kadi ni kosa kubwa, kwa sababu Vega haina kumbukumbu yake mwenyewe, inakunywa kwenye RAM ileile ya kompyuta. Kijiti kimoja cha DDR4-3200, yaani RAM ya aina ya DDR4 yenye kasi ya 3200, hupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Vijiti viwili vikikaa kwenye njia mbili hupitisha 51.2. Kadi kama RX 6600 ina kumbukumbu yake inayopitisha 224, ndiyo maana ina nguvu. Ukimpa Vega kijiti kimoja umembana koo. Chukua vijiti viwili vya GB 8, vya aina moja, DDR4-3200.

Bei ya RAM imepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vikielekeza mitambo yao kwenye kulisha vituo vya data vya akili mnemba. Hii inaweza kula bajeti yako kuliko ulivyotarajia. RAM, kwa bahati, ni kimojawapo cha vitu ninavyokubali kuvinunua vikiwa vimetumika: haina sehemu inayozunguka, na ikiwa mbovu unaigundua usiku mmoja kwa programu ya bure ya Memtest86+. Prosesa iliyotumika pia sina neno nayo, ilimradi pini zake zimenyooka. Pawa saplai na SSD zilizotumika sizigusi kabisa.

Kwa sababu hiyohiyo ya RAM sikushauri uende AM5 kwa sasa, ingawa ndilo soketi jipya (kitako cha prosesa) la AMD, watengenezaji wa Ryzen, na lina maisha marefu mbele. Ryzen 5 8600G ya huko ina michoro inayoiacha Vega 7 mbali, lakini inadai DDR5, aina mpya ya RAM, na madabodi ghali zaidi, na milioni moja na nusu itaishia njiani.

Madabodi ndiyo sehemu ambayo watu wa televisheni huumizwa bila kujua. B450 ni ya mwaka 2018 na ni imara, lakini madabodi nyingi za B450 za bei nafuu zina HDMI inayotoa 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde. Utaiwasha, kila kitu kitaonekana safi, halafu utasogeza kipanya utaona kinaburuzika kama kina tope. Televisheni utadhani mbovu. Ingia kwenye ukurasa wa mtengenezaji, tafuta mstari wa HDMI, uone kama imeandikwa 4096x2160 kwa 60Hz au kwa 30Hz. Unataka 60. Madabodi za B550, zilizokuja mwaka 2020, kwa kawaida zina hiyo 60. Ndogo ya ukubwa wa Micro ATX inakutosha, yenye nafasi nne za RAM ukipata, na yenye Wi-Fi yake, maana sebuleni hutaki kuvuta waya wa intaneti. MSI B550M PRO-VDH WIFI ni ya jamii hiyo. Kama madabodi imekaa stoo muda mrefu, huenda BIOS yake, programu ya ndani inayoiwasha, ni ya kabla ya 5600G na haitaitambua. Muulize muuzaji, au aiwashe mbele yako ikiwa na prosesa yako mwenyewe.

Televisheni nayo ina lake. Nyingi zimefungiwa tundu la HDMI lisipokee 4K ya 60Hz mpaka uingie kwenye mipangilio uiruhusu, kwa Samsung na LG ipo kwenye mipangilio ya mawimbi ya HDMI. Washa na hali ya gemu, la sivyo mwanao atabonyeza pasi na mchezaji atachelewa kuitoa.

SSD: chukua ya M.2 NVMe, kile kijiti cha milimita 22 kwa 80 kinacholala juu ya madabodi bila waya. Gemu moja ya FC huomba karibu GB 100, kwa hiyo 512 itajaa mapema. Ukiweza TB 1, vizuri. Pesa ikigoma, hapa ndipo pa kupunguza, kwa kuwa SSD ya pili unaongeza siku yoyote. Jihadhari na SSD zisizo na jina zenye ukubwa wa ajabu kwa bei ya kutupa. Nyingine zimepangwa zidanganye ukubwa wake, na faili zinapotea zikijaa. Programu ndogo ya H2testw huandika kila pembe ya diski na kuisoma tena, uwongo unajulikana.

Kasha lolote linaloingia Micro ATX, lenye mbele ya wavu na chujio la vumbi, halafu feni moja mbele na moja nyuma. Kioo na mataa vinakupunguzia pesa tu. Feni ya prosesa inakuja kwenye boksi la 5600G na inatosha.

Nisikufiche njia nyingine. Kama baada ya kuzunguka utaona hesabu haifiki, kompyuta za ofisini zilizotumika, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zinazoletwa kutoka Dubai na Ulaya, ni jibu la heshima. Chagua ya kizazi cha nane cha Intel kwenda juu, kwa mfano yenye i5-8500, kwa sababu Windows 11 haikubali vya chini ya hapo na Windows 10 iliacha kuhudumiwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Chukua yenye kasha la mnara, si lile jembamba. Pawa saplai zao ni ndogo na mara nyingi zina plagi za kampuni yenyewe, huwezi kubadilisha na ya dukani, hivyo kadi utakayoiweka iwe inayokula kwenye tundu la madabodi peke yake, ambalo hutoa wati 75 mwisho. GTX 1650 isiyo na waya wa ziada inaingia hapo. Kwa gemu za mpira itaipita Vega 7. Utakachokosa ni nafasi ya kukua, na ile siku ya kuifunga wewe na mwanao, ambayo nadhani ni sehemu ya ulichokuwa unakitafuta.

Kununua: usitume pesa kwa simu. Panda treni ya SGR asubuhi, saa mbili haziishi uko Dar es Salaam, na kutoka stesheni mpaka Kariakoo si mbali. Nenda na flashi yenye Memtest na toleo la Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, la kuwasha moja kwa moja. Zunguka maduka matatu bila kununua, andika bei, kunywa maji, rudi. Dai risiti ya EFD na waranti iandikwe kwa siku, na namba ya kifaa iwe juu ya karatasi. Ukija kununua kadi ya kutumika siku zijazo, iwashe dukani, fungua GPU-Z: programu hiyo husoma kadi yenyewe badala ya kibandiko, itakuonyesha idadi ya viini, na kadi iliyobadilishwa jina huiandikia kabisa kuwa ni bandia.

Kufunga kwenyewe ni jioni moja na bisibisi moja ya nyota. Kuna sehemu nne ambapo naona wageni wakiumia. Prosesa za AM4, soketi la hizi Ryzen zako, zina pini 1331 chini yake, laini kama nywele. Tafuta pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona, ilinganishe na ya soketi, iachie ishuke yenyewe bila kuisukuma. RAM mbili zinakaa nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, si zinazofuatana. Kabla ya kulaza madabodi hakikisha miguu midogo ya shaba imefungwa kwenye kasha pale tu penye matundu ya madabodi. Mguu uliosimama pasipo tundu unagusa saketi kwa nyuma na kompyuta haiwaki. Na kama utanunua kipoza cha prosesa kingine, bandua ile karatasi ya plastiki chini yake. Siku ukitaka kukitoa kipoza, iache kompyuta ifanye kazi dakika kumi ipate joto, izime, uchomoe waya wa umeme, kisha kizungushe kidogo kulia na kushoto kabla ya kukivuta, vinginevyo pesti iliyoganda inang'oa prosesa kutoka kwenye soketi pamoja na pini zake.

Ikiwaka mara ya kwanza, ingia BIOS kabla ya kuweka Windows. Utakuta RAM inakwenda 2133 au 2400, si 3200 uliyolipia. Washa XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, kwenye madabodi nyingine huitwa DOCP au A-XMP, hifadhi, utoke. Wapo watu waliokaa na kompyuta miaka mitatu bila kuibonyeza hiyo, na Vega yao ikawa inatambaa muda wote huo. Hapohapo BIOS utaiwasha fTPM, kinga ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Kama ulikuwa unafikiria Linux ili kuokoa pesa, kwa filamu ni nzuri sana, lakini ulinzi wa EA dhidi ya udanganyifu unazikataza FC mpya kucheza juu yake. Pedi za PS4 mlizonazo au mtakazonunua zitaunganishwa kwa waya wa USB.

Nenda kaitazame sokoni kwanza, Mwalimu, wiki ijayo au inayofuata. Ukifika kwenye pawa saplai, kabla hujalipa, piga picha lile jedwali la ubavuni unitumie. Nitakujibu ukiwa bado umesimama dukani.